Nimeonja Chumvi Chini ya Zulia la Gari la Mama Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, ukifika mwisho cheka utakavyo, maana mimi mwenyewe sijui tena kama haya yangu ni ya kuchekwa au ya kuliliwa.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, nina mke na binti mmoja aliyeanza darasa la kwanza, na kazi yangu ni kusafisha magari yaliyotoka melini. Sisemi kuosha kwa nje, hiyo ni kazi ya wenye mipira ya maji pale getini. Mimi nang'oa viti, nafunua mazulia, naingia chini ya dashibodi kwa kichwa miguu ikabaki nje, na gari nikilimaliza linanukia upya hata kama limetumika miaka kumi huko lilikotoka. Yadi yetu ina heshima kwa sababu ya mkuu wetu, mtu mkali asiyetaka kuuza gari bovu, na ametuwekea sheria kwamba ukikuta dalili yoyote ya maji ya bahari unalifunga gari utepe mwekundu kwenye kioo, linasogezwa pembeni mpaka likaguliwe. Dalili yenyewe tunaipima kwa ulimi. Ndiyo, mshauri, kwa ulimi. Ukikuta unyevu chini ya zulia unachovya kidole unaonja, ukiwa mtamu ni soda ya mwenye gari wa kwanza, usipokuwa na ladha ni mvua, ukiwa na chumvi ni bahari, na gari lililokunywa bahari ni mgonjwa hata kama linang'aa, nyaya zinaliwa taratibu ndani kwa ndani, leo redio, kesho taa, keshokutwa linazimika kwenye mteremko. Nilifundishwa hivyo na mzee aliyenitangulia kazini na sijawahi kukosea.

Sasa nikwambie kuhusu mama mkwe. Nilipokwenda kuposa alikuwa mkunga wa hospitali, mwanamke wa kauli moja, na kauli yake kwangu ilikuwa kwamba binti yake hakusoma miaka yote ile aje kuolewa na mtu wa matambara. Tulioana hivyo hivyo, marehemu baba mkwe ndiye aliyembembeleza, na kwa miaka saba mama alinisalimia akiwa anaangalia bega langu. Kisha akastaafu, akatuita tuhamie nyumba ndogo ya uani kwake, na mwaka jana akatangaza kwamba anataka gari lake mwenyewe, awe anawatembelea wazazi waliojifungua ambao hawana wa kuwaonyesha namna ya kumshika mtoto, na awe anampeleka mjukuu wake shule. Akaenda kujifunza udereva na miaka yake sitini na tatu, akafaulu mtihani mara ya kwanza. Mimi nilifeli mara mbili. Jioni moja akaja mpaka mlangoni kwetu akasema, "Mwanangu, magari unayajua wewe. Nenda kanichagulie. Wewe ndiye jicho langu." Mwanangu! Mshauri, nilijifungia chooni nikatokwa machozi, mke wangu akadhani nimepata habari ya msiba.

Nikamchagulia gari dogo la rangi ya maziwa, injini inaunguruma kwa adabu, mwili hauna hata mkwaruzo. Lilikuja ndani ya kontena pamoja na mengine mawili, tofauti na mengi ya pale kwetu ambayo huendeshwa yakaingia melini na kuendeshwa yakatoka. Nilisema hili nitalisafisha peke yangu, asiliguse mtu. Nikatoa makaratasi, nailoni za viti, kifuko fulani kimepasuka kilichokuwa kimening'inizwa kwenye kiti cha mbele, takataka za kawaida, nikatupa zote. Kisha nikafunua zulia upande wa abiria, kidole kikalowa. Nikaonja. Chumvi, tena kali, yenye uchungu ndani yake, ulimi ukajikunja.

Utepe mwekundu nilikuwa nao mfukoni. Lakini nilipoinua kichwa, mama alikuwa getini, amevaa gauni lake la harusi za watu siku ya Jumanne, amekuja kupiga picha na gari lake, anamwambia mlinzi, "Hilo pale, mkwe wangu ndiye aliyelichagua, huyu hadanganyiki." Basi nikalirudisha zulia. Nilimwambia bado nalinyoosha kidogo, akaniachia siku tano. Nikalipepea kwa feni siku tatu, kwa kikausha nywele cha mke wangu siku mbili, na kila nikiondoka jioni limekauka kidogo, asubuhi nalikuta limelowa tena kana kwamba bahari imelifuata mpaka yadini. Maji sikuthubutu kulitia, nitie maji juu ya maji? Mwishowe nikapulizia manukato, nikamkabidhi funguo, akanikumbatia mbele ya mkuu wangu.

Tangu siku ile sina raha. Nikimwona anawasha gari na mwanangu amekaa kiti cha nyuma naliona gari limezimika katikati ya barabara na lori linakuja. Kumwambia nashindwa, kumwacha aendeshe nashindwa. Kwa hiyo, mshauri, nikaanza kufanya jambo la kipumbavu. Asubuhi kabla hajaamka natoka uani nafungua boneti nalegeza waya wa betri. Mama anakuja, anazungusha ufunguo, gari kimya. Ananiita. Nafungua boneti, nainama, nagongagonga, natoa jasho la bure, nasema betri imelala, acha niichaji, leo chukueni usafiri mwingine. Siku ya kwanza aliniuliza kwa nini betri ilale na gari ni zima, nami nikasema neno ambalo natamani ningelimeza: "Labda ulisahau kuzima taa, mama."

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Si kila siku nafanya, mara tatu mara nne kwa wiki, siku nyingine namwacha aende sokoni karibu na mimi nakaa roho mkononi mpaka arudi. Mama ameanza kuandika. Amebandika karatasi nyuma ya mlango wa nyumba yake, kwa ule mwandiko wake wa kadi za wagonjwa: taa, redio, taa ya ndani, mlango wa nyuma. Anaweka tiki kwa kalamu kila akishuka garini na kuingia ndani. Halafu asubuhi gari haliwaki, naye anaibandua karatasi, anasimama pale nayo mkononi anaangalia zile tiki. Juzi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nakumbuka kabisa nilizima. Nakumbuka. Lakini marehemu mama yangu naye alianza hivi hivi." Mama yake alikufa hamtambui mtu. Mke wangu ameshampangia siku ya kliniki wakampime kumbukumbu, Alhamisi ya wiki ijayo, na mama amekubali bila ubishi, yeye ambaye hubisha hata na redio.

Na kama hilo halitoshi, amesema majibu yakiwa mazuri, Jumapili yake atampeleka mjukuu kwa dada yake, safari ya saa mbili, mteremko wote ule wa milimani. Nifanyeje? Nikisema ukweli nitarudi kuwa mtu wa matambara mpaka kufa. Nisiposema gari litawaua. Nimefikiria kuligonga ukutani mwenyewe, taratibu, liharibike tuanze upya. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Jina usiandike, andika Jicho, nijisikie aibu vizuri.

Wako mwenye dhiki,
Jicho


MSHAURI ANAJIBU

Jicho wangu, marahaba. Nilivumilia bila kucheka mpaka kwenye kikausha nywele, hapo nikashindwa, nisamehe.

Gari la watu usiligonge ukutani. Kaa chini kwanza, vuta pumzi, maana nina habari njema, na wasomaji wangu wanajua mimi si mtu wa kugawa habari njema ovyo.

Barua yako niliipeleka kwa shemeji yangu, ambaye miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kupanda melini na kufungua makontena, kuandika nini kimevunjika njiani, nini kimelowa, nini kimeliwa na kutu. Ni mtu asiyecheka, hata siku ya harusi yake hakucheka. Alisoma mpaka pale ulipotupa kifuko, akavua miwani, akacheka mpaka dada yangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Ndipo nilipokupigia simu nikakukabidhi kwake. Wewe unayajua tuliyoongea, lakini nayaandika hapa kwa faida ya wengine wenye magari ya kutoka ng'ambo, ambao huenda nao wanalala macho wazi.

Gari likisafiri ndani ya kontena lililofungwa wiki nyingi baharini, joto na baridi vinapishana na kontena linatoa jasho ndani. Kwa hiyo wapakizi wengine huning'iniza ndani ya gari kifuko cha chumvichumvi fulani kinachonyonya unyevu. Kikishiba kinajaa maji. Meli ikiyumba, kifuko kikijikwaruza mahali, kinapasuka, na maji yale yote yanamwagika chini ya kiti. Yanaonjeka chumvi, lakini yana uchungu ambao bahari haina kiasi hicho, na ukiyasugua kati ya vidole yanateleza kama mafuta. Na hayakauki! Maji ya bahari yakikauka yanaacha unga mweupe. Haya yanaendelea kunyonya unyevu wa hewa, ukiyapepea mchana yanakunywa tena usiku. Ulikuwa unapepea kitu ambacho kazi yake duniani ni kulowa.

Shemeji alikuuliza mambo matatu, ukatoka kwenda kuangalia na simu sikioni, nasikia unavyohema. Shimo la tairi la akiba: kavu, halina kutu, hata vumbi lake la zamani lipo. Mikanda ya viti ikivutwa mpaka mwisho: safi, haina alama ya maji. Zulia la upande wa dereva na la nyuma: makavu. Bahari ikiingia ndani ya gari haichagui kiti kimoja cha abiria ikaketi hapo kwa adabu. Gari la mama mkwe wako halijawahi kunywa bahari. Limemwagikiwa na kifuko.

Akakwambia tiba: maji. Maji ya bomba, mengi, zulia litolewe lote lioshwe mara tatu, na chini yake pafutwe kwa maji safi. Kijana mzima unalipwa kuosha magari, gari la mama mkwe ndilo pekee uliloogopa kuliosha! Ukaosha siku ile ile. Siku ya pili ukanipigia: zulia limekauka, na asubuhi limeendelea kuwa kavu. Fundi umeme akafungua soketi ya kuunganishia nyaya iliyo chini ya kiti, akakuta imeanza kushika kutu, akaibadilisha pamoja na boliti mbili za reli ya kiti, akapima nyaya zote, akasema gari ni zima na mteremko wa milimani liende hata kesho. Ulikuwa unacheka kwenye simu na kulia kwa pamoja. Nami nilifurahi, sitaficha, niliweka simu chini nikamshukuru Mungu kwa ajili ya yule mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini kabla hujakata simu uliniuliza swali. Wasomaji, sikieni swali lake. Aliniuliza: "Kwa hiyo mshauri, sasa sina haja ya kumwambia tena?"

Jicho, hebu njoo hapa.

Soketi imebadilishwa, boliti zimebadilishwa, zulia limeoshwa. Na yule mama? Wiki sita umemfanya mtu mwenye akili zake timamu, mtu aliyezalisha watoto wa mji mzima bila kusahau hata mmoja, asimame asubuhi na karatasi yake ya tiki asijiamini. Kila tiki aliyoweka ilikuwa ya kweli. Wewe uliyelegeza waya ndiye uliyemwambia amesahau. Ukamwacha amkumbuke mama yake. Ukamwacha akubali kliniki bila ubishi, na hilo ulinieleza mwenyewe na likakushangaza, kisha ukaendelea kulegeza waya. Nakuhurumia kwa hofu yako, nilikuhurumia tangu mstari wa kwanza, lakini kwa hili nimekasirika na nitabaki nimekasirika mpaka nisikie umefungua mdomo.

Unaniambia siku ulipokuwa unaosha zulia uani, alikuletea kiti na kikombe cha chai akasema, "Pole na kazi, mwanangu, sijui ningefanyaje bila wewe." Na ulikunywa! Ungewezaje kumeza?

Unaogopa kurudi kuwa mtu wa matambara. Sikiliza. Huyu mwanamke alikuita mwanangu wewe mwenyewe, hakuliita hivyo gari. Watoto wake wa kuzaa hawajawahi kumkosea? Muulize mkeo. Walivunja vitu, walidanganya, walichapwa kwa maneno na kwa viboko, na jioni wakala meza moja. Anayeficha sahani aliyoivunja na kuondoka anatabasamu ni mgeni. Umekaa katika nyumba ile kama mgeni miaka yote hii, hata baada ya kuitwa mtoto, na sasa ndiyo nafasi yako ya kuingia ndani. Atakupigia kelele. Mpe muda apige, ana haki, na usimkatize kwa kueleza habari za kontena. Anaweza kukuangalia bega tena kwa miezi miwili. Vumilia hiyo miezi miwili.

Kwa mkuu wako nako uende, uende na ulimi wako. Magari mengine mawili yalitoka kontena lile lile, na kila moja huenda lilikuwa na kifuko chake, na wenyewe wamekaa juu ya soketi inayooza bila kujua. Mwambie ulificha dalili, mwambie mlivyokuwa mkikosea kupima, wawatafute wenye magari hayo wayaoshe. Mkali kama unavyomwelezea, atafoka, kisha atakushukuru, kwa sababu utakuwa umemfundisha kitu ambacho mzee aliyekutangulia hakukijua. Na utepe ukiuweka mfukoni tena badala ya kwenye kioo, hata kama mteja ni mama yako mzazi, acha kazi hiyo ukauze matunda.

Mkeo mwambie baada ya mama, siku hiyo hiyo, na usimwache asikie kwa jirani. Naye atakuwa na yake ya kusema, usitegemee mimi nikutetee.

Jambo moja la mwisho. Uliniambia nichape barua hii bila wasiwasi, kwamba mama hasomi ukurasa wangu, yeye husoma ukurasa wa afya peke yake, anaukata na kuuhifadhi. Ukurasa wa afya, kijana wangu, umechapwa nyuma ya huu. Na leo ni Jumatano, gazeti linamfikia saa nne, na kliniki ni kesho. Ukiwa unasoma haya kazini, funga ndoo yako, omba ruhusa, rudi nyumbani.

Ukifika usianze na gari. Habari za kifuko, za chumvi, za ulimi, zina nafasi yake baadaye, na nakuhakikishia kuna siku atazicheka kuliko shemeji yangu. Mkute pale mlangoni penye ile karatasi, mshike mkono kama atakubali kushikwa, umwambie kwanza hili peke yake, polepole, alisikie lote: "Mama, taa ulizizima. Kila siku ulizizima."